Namna ya Kusoma Kesi za Ndoa ya Kimila ya Wachina na Ugoni katika Makoloni ya Uingereza

Anayefungua kwa mara ya kwanza jalada la kesi ya ndoa ya Wachina kutoka Hong Kong au Singapore ya zama za ukoloni hukutana na maneno anayodhani anayafahamu: mke, mume, talaka, uzinzi. Hapo ndipo makosa huanzia, kwa sababu kila neno katika hayo lilikuwa na maana moja kwa familia iliyofunga ndoa, maana nyingine katika kanuni za nasaba ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China, na maana ya tatu kwa jaji wa Kiingereza aliyeketi kuamua. Mwongozo huu unawalenga wanafunzi wa sheria, wanahistoria na wale wanaofuatilia nasaba za familia, ambao wangependa kusoma kesi hizo bila kuchanganya maana hizo tatu. Msomaji wa Afrika Mashariki ana faida katika kazi hii, kwa kuwa historia ya mahakama zetu inafanana nayo. Mwaka 1917 Jaji Mkuu Hamilton wa Kenya, katika kesi ya Amkeyo, alikataa kuiita ndoa ya kimila ndoa, akaiona kuwa ni ununuzi wa mke. Mchina wa Hong Kong hakutendewa hivyo hivyo, lakini kipimo alichopimiwa kilitoka katika ghala moja.

Tambua mahali kabla ya kusoma hoja

Jambo la kwanza ni kuuliza kesi ilisikilizwa wapi, kwa sababu Hong Kong na makoloni ya mlango-bahari wa Malaka, yaani Penang, Melaka na Singapore, yalifuata njia mbili tofauti kabisa.

Hong Kong ilikaliwa na Waingereza mnamo Januari 1841, na mapema Februari mwaka huo Kapteni Charles Elliot alitangaza kwamba wenyeji wa kisiwa wataongozwa kwa sheria, mila na desturi za Kichina, isipokuwa mateso ya kila aina. Baadaye, kwa sheria za Mahakama Kuu zilizotungwa kuanzia mwaka 1844, ikaamuliwa kwamba sheria ya Uingereza itatumika kama ilivyokuwa tarehe 5 Aprili 1843, ila pale isipowafaa wakazi au mazingira ya koloni. Ndoa na mirathi ya Wachina vikahesabiwa kuwa miongoni mwa mambo ambayo sheria ya Uingereza haikuyafaa. Tarehe hiyo iandike pembezoni mwa daftari lako, kwa maana matokeo yake ni makubwa kuliko inavyoonekana: sheria ya Kichina iliyotambuliwa Hong Kong ilikuwa ile ya nasaba ya Qing kama ilivyosimama mwaka 1843, ikagandishwa hapo. Nasaba yenyewe ilianguka mwaka 1912. Jamhuri ikatunga kanuni mpya ya familia iliyoanza kutumika tarehe 5 Mei 1931, na serikali ya Beijing ikatoa sheria ya ndoa ya mwaka 1950. Hong Kong iliendelea kuamua kesi za watu walio hai kwa sheria ya dola iliyokwisha kufa, hadi mwaka 1971.

Penang, Melaka na Singapore hazikuwa na tangazo kama la Elliot. Zilipewa hati za kifalme za mahakama, ya 1807 kwa Penang na ya 1826 kwa makoloni yote matatu, na majaji wakazielewa kuwa zimeleta sheria ya Uingereza kwa kila mtu, ila ilegezwe pale ambapo kuitumia kwa ukali kungewadhulumu wakazi. Jaji Benson Maxwell aliliweka jambo hilo wazi katika miaka ya 1860. Kwa hiyo mila ya Kichina iliingia Singapore kama ruhusa, ilhali Hong Kong iliingia kama sheria yenyewe. Ukisoma hukumu ya Singapore ukatafuta ndani yake uaminifu kwa kanuni za Qing, utakata tamaa bure. Jaji pale hakuwa anatafuta hilo.

Usikubali tafsiri ya neno kabla ya kuuliza cheo

Hatua ya pili ni kupanga vyeo vya wanawake waliotajwa katika jalada. Katika Kikantoni, lugha ya wengi Hong Kong, mke mkuu aliyeolewa kwa taratibu zote huitwa kit fat, jina linalotokana na kufungwa pamoja kwa nywele. Mwanamke aliyeolewa kwa taratibu hizo baada ya mke mkuu kufariki huitwa tin fong, naye hukaa katika nafasi kamili ya marehemu. Mwanamke aliyeingizwa nyumbani mke mkuu akiwa hai huitwa tsip. Mwanamume kisheria alikuwa na mke mmoja tu, lakini aliweza kuwa na tsip zaidi ya mmoja. Kulikuwa na hali ya pekee, iitwayo kim tiu, ambapo mwanamume aliyerithi matawi mawili ya ukoo aliozwa mke kwa kila tawi.

Waingereza walimtafsiri tsip kwa neno linalokaribiana na suria, na mfasiri wa Kiswahili huvutwa kufanya hivyo hivyo. Nashauri usifanye. Katika historia ya pwani yetu suria alikuwa mjakazi, na hadhi yake ilitokana na utumwa wake. Tsip hakuwa lazima mtumwa, watoto wake walikuwa halali, na mtoto wake wa kiume alirithi. Wala usimwite hawara, kwa maana hawara hana nafasi mbele ya wakwe, ilhali tsip alitambulishwa kwa mke mkuu na kumhudumia chai. Mke mdogo ni tafsiri ya heshima na ya karibu zaidi, mradi msomaji aelezwe kwamba hakuwa sawa na mke wa pili wa Kiislamu, ambaye ana haki sawa na wa kwanza.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Huko Singapore, katika kesi iliyojulikana kama ya Wajane Sita, iliyoamuliwa mwaka 1908, wanawake sita walijitokeza kudai sehemu katika mirathi ya tajiri Choo Eng Choon. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1670 kuhusu mgawanyo wa mirathi ilimpa mjane theluthi moja, na haikuwahi kufikiria wajane zaidi ya mmoja. Mahakama ilikubali kwamba ndoa ya Kichina ni ya wake wengi, ikaamua kwamba wake wadogo nao ni wajane na kwamba theluthi ile igawanywe sawasawa. Tazama kilichotokea: mila iliyowaweka wanawake katika ngazi mbili ilipita katika sheria ya Kiingereza, ikatoka upande wa pili ikiwa imewasawazisha. Jambo hilo huenda lilikuwa jema kwa wake wadogo, lakini halikuwa mila ya Kichina.

Chunguza ndoa ilithibitishwaje

Mila iliyoandikwa inataja taratibu sita: kupeleka posa, kuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa kwa binti, kupiga ramli kama nyota zinapatana, kupeleka mahari na zawadi, kupanga siku, na kumleta bibi harusi. Zilifuatana na barua tatu baina ya familia mbili, na mshenga ndiye aliyeshika kila kamba, kama ilivyo kwetu. Ukisoma ushahidi, tafuta vitu vinavyoshikika: barua nyekundu za ndoa, machela ya bibi harusi, jina la mshenga, kusujudu mbele ya vibao vya mababu, chai waliyopewa wakwe, karamu na waalikwa wake. Familia nyingi, hasa za maskini, zilikuwa zimeunganisha taratibu hizo sita kuwa mbili au tatu, na mahakama ya Hong Kong haikudai zote. Ilidai kiini, yaani ndoa iliyokubaliwa na familia mbili na iliyotangazwa hadharani.

Mke mdogo alithibitishwa kwa njia nyingine. Swali halikuwa sherehe, lilikuwa kupokewa. Sheria ya mirathi ya Hong Kong ya mwaka 1971 iliandika kipimo hicho vizuri iliposema kwamba mwanamke awe alikubaliwa na mke wa mwanamume huyo kuwa mke mdogo, na kutambuliwa hivyo na familia kwa jumla, mwanamume akiwa hai. Maneno hayo mawili, kukubaliwa na kutambuliwa, ndiyo ya kuyafuata katika ushahidi: nani alimwita kwa jina gani, aliketi wapi katika sikukuu, jina lake liliandikwa katika tangazo la msiba au halikuandikwa.

Singapore ililegeza zaidi. Kule mahakama ziliweza kudhania ndoa kutokana na kukaa pamoja kwa muda mrefu, nia ya kudumu, na sifa mbele ya watu, na mwaka 1920 Baraza la Mfalme mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, lilikubali dhana ya aina hiyo katika kesi ya Cheang Thye Phin kutoka Penang.

Linganisha ugoni wa aina tatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona tafsiri nyingi zikipotea. Neno ugoni ndilo linalofaa, kuliko zinaa, kwa kuwa zinaa hujumuisha hata wasiooana, ilhali sisi tunazungumzia kosa dhidi ya ndoa. Lakini ni ndoa ya nani?

Katika kanuni za Qing, kosa lilikuwa la mwanamke aliyeolewa pamoja na mwanamume aliyemwendea. Zinaa ya hiari iliadhibiwa kwa mapigo 80 ya fimbo nzito, na mapigo 90 kama mwanamke alikuwa na mume. Mume aliweza kumbakiza mkewe au kumwoza kwa mtu mwingine kwa malipo, ila si kwa mgoni wake. Akimwoza kwa mgoni, wote wawili waliadhibiwa. Na mume aliyewafumania mahali penyewe akawaua wote wawili papo hapo hakuadhibiwa. Mume mwenyewe, akienda kwa mwanamke asiye na mume, hakumkosea mkewe kwa ugoni, na akimleta mwanamke huyo nyumbani kuwa tsip, alikuwa amefanya jambo halali.

Katika upande wa talaka, mila ilimpa mume sababu saba za kumwacha mke: kutozaa mtoto wa kiume, ugoni, kutowatii wakwe, maneno mengi, wizi, wivu, na ugonjwa usiopona. Sababu hizo zilizuiliwa na kinga tatu: mke aliyewaombolezea wakwe zake miaka mitatu, mke aliyeolewa katika umaskini mume akatajirika baadaye, na mke asiye na kwao pa kurudi. Kinga hizo hazikumfaa mke aliyefanya ugoni. Njia iliyotumiwa zaidi na watu wenye busara ilikuwa kuachana kwa ridhaa, kwa maandishi, familia zikishuhudia. Mke peke yake hakuwa na orodha yake ya sababu.

Sheria ya Uingereza iliona mambo kwa jicho jingine. Ugoni haukuwa jinai. Kumfumania mke kuliweza kupunguza kosa la kuua kwa kukusudia likawa la kuua bila kukusudia, lakini hakukumwachilia muuaji. Ugoni ulikuwa sababu ya talaka, na talaka hiyo ilikuwa ya ndoa ya mke mmoja tu. Sheria ya talaka ya Hong Kong ya mwaka 1932 ilifuata msingi huo, hivyo waliooana kimila hawakuweza kuitumia, mume wala mke.

Aina ya tatu ni sheria za jinai zilizotungwa na makoloni yenyewe. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo ilitumika pia Afrika Mashariki hadi tulipopata kanuni zetu mnamo 1930, ilikuwa na kifungu cha 497 kilichomwadhibu mwanamume aliyemwendea mke wa mtu bila ridhaa ya mume, na kifungu cha 498 kilichomwadhibu anayemshawishi au kumtorosha mke wa mtu. Kanuni ya makoloni ya mlango-bahari, iliyotungwa mwaka 1871 kwa mfano wa ile ya India, iliacha kosa la ugoni lenyewe lakini ikabakiza lile la kumtorosha mke. Kifungu hicho cha 498 kilidumu Singapore hadi kilipofutwa kwa mageuzi ya mwaka 2019. Hong Kong nayo ilitunga mwaka 1912 sheria iliyoitwa ya Kuhifadhi Ndoa za Wachina. Ukikutana na sheria ya aina hii, isome kwa maswali manne: inamwadhibu nani, mgoni au mke au wote, nani anaruhusiwa kulalamika, neno mke ndani yake linamjumuisha mke mdogo au hapana, na ilikuwa bado hai tarehe ya tukio. Usitosheke na muhtasari wa mtu mwingine. Maandishi ya sheria za kale za Hong Kong yamewekwa wazi mtandaoni na maktaba ya Chuo Kikuu cha Hong Kong, na neno moja la kifungu laweza kubadili jibu lote.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna kipimo kizuri cha kulinganisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mume au mke kudai fidia ya ugoni kwa mtu aliyezini na mwenzi wake. Haki hiyo inakwenda pande mbili. Katika kila sheria ya Kichina niliyoieleza hapo juu, na katika kifungu cha 498, ilikwenda upande mmoja tu, wa mume, na ukweli huo usifichwe chini ya neno mila.

Pima kwa mfano mmoja uliogeuzwa mara mbili

Njia bora ya kujizoeza ni kuchukua habari moja na kuibadilisha kidogo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mwanamume na mwanamke wameoana Hong Kong mwaka 1938 kwa mshenga, barua nyekundu na chai ya wakwe. Mwaka 1949 mume analeta mwanamke wa pili nyumbani, na mke wa kwanza anapokea chai yake. Mwaka 1956 mke wa kwanza anaondoka na mwanamume mwingine. Mwaka 1969 mume anafariki bila wosia.

Kuja kwa mwanamke wa pili si ugoni; ni kuingia kwa tsip, na chai iliyopokewa ndiyo ushahidi wake. Kuondoka kwa mke wa kwanza ni ugoni kwa macho ya mila, lakini hakuvunji ndoa kwenyewe. Mume alipaswa kumwacha, na bila barua ya talaka au makubaliano mke huyo ni mjane mwaka 1969, hata kama alikaa kwingine miaka 13. Mirathi inafuata mila ya Qing: wana wa kiume wanarithi, wakiwemo wa mke mdogo, na wajane wanastahili matunzo tu. Mabinti hawapati fungu.

Sasa badilisha jambo moja. Ndoa ya 1938 iwe ilifungwa mbele ya msajili chini ya sheria ya ndoa ya koloni. Mwanamke wa pili, kwa chai ile ile na kwa baraka zile zile za wakwe, hana cheo chochote, na mume ndiye mgoni. Mke wa kwanza angeweza kumshtaki kwa talaka. Tendo ni moja na nyumba ni moja. Kilichotofautiana ni karatasi.

Badilisha tena. Wawili hao wawe wenyeji wa Guangzhou, China bara, walioana huko mwaka 1938 kwa sherehe ya wazi na mashahidi wawili, kisha wakahamia Hong Kong. Ndoa hiyo inafuata kanuni ya Jamhuri ya mwaka 1931, ambayo ni ya mke mmoja. Waliofunga ndoa ya mtindo huo ndani ya Hong Kong walikuwa katika shida kubwa zaidi, kwa kuwa haikuwa ndoa ya Qing wala ya msajili. Maelfu ya watu waliojiona wameoana kwa heshima zote, wakiwa na picha za harusi ukutani, waliishi bila kujua kwamba sheria ya mahali walipo haikuwa na jina la ndoa yao. Naiona hii kuwa dhuluma kubwa zaidi ya utaratibu ule wa kugandisha mila, kubwa kuliko hata suala la wake wadogo, kwa sababu iliwaangukia waliotaka mageuzi.

Jua tarehe ambazo mlango ulifungwa

Singapore iliweka sheria ya mke mmoja kwa wasio Waislamu kwa Mkataba wa Wanawake, ulioanza tarehe 15 Septemba 1961. Malaysia ilifuata kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1976 na kuanza tarehe 1 Machi 1982. Hong Kong ilichelewa kwa hiari yake: kamati iliyoteuliwa mwaka 1948 chini ya mwanasheria wa serikali Strickland ilitoa ripoti mwaka 1953 ikitaka mabadiliko, ripoti nyingine zikafuata katika miaka ya 1960, na sheria ya mageuzi ya ndoa ikapitishwa mwaka 1970. Ilianza kutumika tarehe 7 Oktoba 1971. Tangu siku hiyo hakuna ndoa mpya ya kimila wala mke mdogo mpya. Ndoa za kimila za kabla yake ni halali, na zile za mtindo wa kisasa zilihalalishwa kama zilifungwa hadharani mbele ya mashahidi wawili, kila mmoja wa wanandoa akiwa na umri usiopungua miaka 16 na bila ndoa nyingine. Waliooana kimila waliruhusiwa kuiandikisha ndoa yao, na wanaotaka kuachana kwa ridhaa wakawekewa utaratibu wa kuhojiwa na afisa wa serikali na kutia saini mbele ya mashahidi.

Madai yanayotokana na ndoa hizo hayakwisha siku ile. Mtoto wa mke mdogo aliyezaliwa miaka ya 1960 yu hai leo, na nyumba ya baba yake bado ina thamani. Kwa hiyo kama unakusanya ushahidi wa familia, anza na wazee waliohudhuria karamu, uandike majina ya mshenga na mashahidi pamoja na tarehe kwa kalenda zote mbili, ya mwezi na ya kawaida, kisha utafute tangazo la msiba la gazeti, maandishi ya jiwe la kaburi na kitabu cha ukoo. Katika jiwe la kaburi angalia majina ya waliolisimamisha na mpangilio wake. Mara nyingi cheo cha mwanamke, ambacho mawakili walikibishania kwa kurasa nyingi, kimechongwa pale kwa herufi mbili.